Msimamizi wa Taa ya Buluu

Jumatatu, 6 Mei

Nimepata ufunguo wa stoo!

Niandike kwa utulivu. Nyumba hii ina watu wanane, na mlango unaofungika kwa ndani ni mmoja tu. Siuhesabu wa chooni, maana huo Bibi huugonga kwa fimbo. Mlango ninaousema ni wa stoo iliyo nyuma ya jiko. Humo ndani kuna mashine ya kusafishia maji, ambayo Baba aliinunua mwaka jana baada ya Mjomba kuugua tumbo. (Bibi anasisitiza kwamba tumbo la Mjomba halikuugua, lilichoka tu.) Ni bomba nene la chuma lililofungwa ukutani, lenye kidirisha kidogo cha kioo. Ndani yake kuna taa ya miale ya urujuanimno. Maji yanapita kando ya taa, vijidudu vinakufa, sisi tunakunywa. Hapa nyumbani wanaiita taa ya buluu. Niliwaeleza tofauti kwa kirefu. Wameendelea kuiita taa ya buluu.

Leo wakati wa chai ikaanza kulia. Pii. Pii. Mama akasema jamani, inaita. Mjomba akasema huenda italipuka, akarudisha kiti nyuma na kuvuta sahani ya mkate mbele. Nikainuka. Nikatangaza kwamba hii ni kazi ya mtu aliyesoma. Sikutaja kwamba nimesoma falsafa.

Kijitabu cha mashine kinasema balbu ikitimiza mwaka ibadilishwe hata kama bado inawaka, kwa kuwa mwanga hubaki lakini nguvu ya kuua imekwisha. Sentensi ya kutisha! Nilijifikiria mimi mwenyewe kwa muda. Kisha nikavaa glovu, nikatoa balbu ya zamani, nikafuta mrija wa kioo kwa siki na kitambaa laini, nikaweka mpya. Kazi ya muda wa kunywa kikombe cha chai. Lakini nilibaki ndani mpaka jua likazama. Hakuna aliyegonga. Nilikaa juu ya gunia la mchele na kusikia mawazo yangu kwa mara ya kwanza tangu Chiriku, binti mdogo wa kaka yangu, ajifunze kuongea.

Nilitoka na uso mzito. Nikamwambia Baba mashine ni nyeti kuliko tulivyodhani. Inataka usimamizi wa kila siku. Mlango ufungwe, kwa sababu ya vumbi. Baba akanitazama kama mtu anayeona ada aliyolipa ikichipua, akanikabidhi ufunguo mbele ya wote. Wifi, mke wa kaka, akainua macho. Aliiomba stoo hiyo muda mrefu kwa ajili ya cherehani yake. Aliutazama ufunguo kama paka anavyotazama samaki wa jirani.

Nitaandika sasa! Profesa wangu ameonya kwamba asipoiona sura ya pili ya tasnifu yangu ifikapo tarehe ishirini, nitafute msimamizi mwingine. Mada: dhana ya uwajibikaji.


Jumanne, 7 Mei

Nimehamia. Kiti kimoja, kimeza, mto wa kuegemea, taa ya kusomea, pakiti ya biskuti (nyuma ya gunia). Ofisi kamili.

Tatizo dogo. Stoo ina soketi moja, na soketi hiyo imekaliwa na mashine. Waya wa kuongezea upo, ila uko sebuleni, umeshika televisheni, na televisheni imeshikwa na Mjomba. Mjomba alikuja kukaa nasi wiki mbili. Ilikuwa mwaka juzi.

Nilikaa katika mwanga hafifu wa mashine nikilitafakari jambo hili kwa uaminifu wote. Upande mmoja, maji ya familia. Upande wa pili, elimu. Nikajiuliza: saa hizi nani anateka maji? Hakuna. Na maji yasiyotekwa yana hatari gani? Hayana. Nikachomoa plagi ya mashine, nikachomeka taa yangu. Kwa muda mfupi tu.

Nimeandika: "Uwajibikaji ni". Hapo nikasimama kidogo, kwani neno linalofuata ndilo litakalobeba sura nzima na sitaki kulikurupukia.

Wifi akagonga. Akauliza kwa upole kama kila kitu kiko sawa humo ndani. Nikamjibu niko katikati ya vipimo. Nikasikia amesimama pale pale mlangoni kwa kitambo, kisha kandambili zake zikaondoka polepole. Mpelelezi!


Alhamisi, 9 Mei

Siku mbili za furaha isiyosemeka. Natoka kazini (sasa naiita kazini) nimechoka, jasho limenitoka, maana stoo haina dirisha. Mama ananiandalia chai mapema. Jana nilimsikia akimwambia jirani kwa sauti ya chini kwamba huyu mtoto wetu ndiye anayetulindia matumbo.

Leo asubuhi niligundua kwamba jana sikurudisha plagi. Wala juzi.

Nikazunguka nyumba nzima nikikagua watu. Bibi: mzima, anatukana redio. Baba: mzima. Chiriku: mzima mno. Mjomba alikuwa anaongezewa chakula. Hakuna aliyeshika tumbo. Kinyume chake, Bibi akasema maji ya siku hizi yamekuwa laini, yanashuka kama maji ya zamani. Tena kuna hili: tangu nianze kuisimamia, mashine haijalia hata mara moja! Zamani ilikuwa haiishi pii-pii.

Ushahidi ni ushahidi. Inaonekana mashine ikishasimamiwa vizuri mara moja, utaratibu hubaki ndani yake. Nitairudisha plagi jioni. Au kesho.

Nimefuta "Uwajibikaji ni". Nimeandika "Uwajibikaji si". Hii ina nguvu zaidi.


Ijumaa, 10 Mei

Balaa!

Kosa ni langu, lakini ni kosa la ufasaha. Wakati wa chakula cha jioni Kaka aliniuliza, kwa mzaha, huwa nafanya nini hasa huko ndani muda wote huo. Nikaona Wifi ameinua macho. Nikajibu kama mtaalamu. Nikataja mkandamizo, mrija wa kioo, vichujio vitatu na tabia zao, mabadiliko ya joto, miale. Nikasema mtu akizubaa kidogo tu, kazi ya wiki nzima inaharibika. Nikapitisha mkono kwenye paji la uso.

Baba akaweka kijiko chini. Akasema hakujua. Akasema yeye ni baba gani wa kumwachia binti mmoja mzigo kama huu, naye ana tasnifu. Nikaanza kusema hapana, hapana, nauweza. Akasema wote wanaoweza husema hivyo mpaka waanguke. Akageuka akamwambia Mjomba: shemeji, kuanzia kesho wewe ni msaidizi.

Mjomba akauliza kama kuna kiti.


Jumamosi, 11 Mei

Kuna kiti. Mjomba alikikalia. Mimi nikarudi kwenye gunia. Alikuja na karanga, redio ndogo na historia ya ugomvi wake na kila mtu aliyewahi kufanya naye kazi. Kwa bahati nilikuwa nimeirudisha plagi mapema, kwa hiyo tulikaa katika ule mwanga hafifu wa buluu kama samaki wawili ndani ya chupa. Sikuandika hata herufi. Akaniuliza msaidizi anasaidia nini. Nikamwambia anyamaze. Akasema kazi ngumu hiyo.

Ikabidi nitumie akili. Nikamwambia, kwa masikitiko, kwamba hii miale ina madhara kwa wasioizoea. Hudhuru nywele. Akavua kofia, akanionyesha kipara, akasema yeye hana cha kupoteza. Nikasema hudhuru macho. Akafumba macho, akaendelea kula karanga. Mwishowe nikatoa silaha ya mwisho. Nikamwambia wengi wanaokaa karibu nayo hupoteza hamu ya kula.

Sijawahi kumwona Mjomba akikimbia. Alisahau redio.

Nilicheka peke yangu kwa dakika nzima. Nikachomoa plagi, nikawasha taa yangu, nikanoa penseli.

Kumbe Mjomba alikimbilia sebuleni. Kufikia jioni miale ilikuwa inakausha damu. Mama aliniangalia ulimi. Bibi akataka kujua kama nitaweza kuzaa. Na Baba, mwenye mapenzi yasiyo na akiba, akatamka kwamba mashine yenye sumu haikai chumba kimoja na mwanawe. Ihamishiwe jikoni kwenye hewa. Stoo apewe Wifi, aweke cherehani. Nikapiga kelele kwamba haina hatari yoyote! Akauliza: kama haina hatari, inafungiwa mlango kwa nini?

Swali zuri. Nilitaka kumwambia ni la kifalsafa.

Kesho kuna kikao. Kila mmoja atasema lake, kisha Baba ataamua. Bila stoo hakuna sura ya pili. Bila sura ya pili nitabaki hapa sebuleni mpaka nizeeke, kati ya Chiriku na televisheni. Lazima nishinde.


Jumapili, 12 Mei

Andika, mkono, andika!

Asubuhi niliamka kabla ya wote, kwenda kurudisha plagi kwa ajili ya heshima ya kikao. Sikufika. Jikoni kulikuwa na mvuke. Nikachungulia. Wifi! Amesimama mbele ya sufuria kubwa la shughuli, maji yanatokota. Pembeni madumu safi yamepangwa mstari, mengine yameshajazwa na kupoa. Akachukua moja, akamimina kwenye jagi la mezani. Jagi letu! Jagi la maji yangu!

Nilirudi kitandani nikishangilia kimoyomoyo. Hujuma. Huyu mwanamke anachemsha maji kwa siri ili ionekane mashine haifanyi kazi. Kisha achukue stoo. Ule upole, zile kandambili za polepole. Sasa nimemkamata mkia.

Kikao kilikuwa baada ya chai. Nilikuwa na hotuba. Niliwakumbusha kwamba hakuna aliyeugua tangu niikamate kazi. Wakatikisa vichwa. Niliwakumbusha kwamba mashine haijalia. Wakatikisa vichwa. Kisha nikanyoosha kidole, nikasema ndani ya nyumba hii kuna mtu anachemsha maji!

Bibi akauliza tangu lini kuchemsha maji kukawa wizi.

Nikasema ni kuvunja imani. Ni kuidharau kazi ya mtu. Nikamtaka Wifi ajieleze mbele ya wazee kwa nini anachemsha maji ambayo yameshasafishwa kitaalamu. Wifi akatazama sakafu. Akasema yaishe tu. Nikasema hapana, hayaishi, aseme! Baba naye akamwambia sema, mwanangu, usiogope.

Akasema. Alisema zamani akipita jikoni jioni, chini ya mlango wa stoo palikuwa na mwanga wa buluu. Tangu Jumanne mwanga ni wa njano, na nikitoka panakuwa giza. Akajua ni taa ya kusomea. Akafikiri: wifi yangu hana pa kusomea humu ndani, na nikisema atanyang'anywa. Mwache asome. Lakini Chiriku anakunywa maji hayo hayo, na yeye kama mama hakuweza kubahatisha. Kwa hiyo akawa anaamka mapema, anachemsha ya nyumba nzima. Basi.

Baba akaomba ufunguo.

Walikwenda wote. Nilibaki sebuleni peke yangu, na nakiri ilikuwa tulivu sana. Kupitia mlango niliwasikia wakitaja vitu kimoja kimoja. Taa ya kusomea, kwenye soketi. Plagi ya mashine, chini, ina vumbi. Mto. Ndipo nikasikia sauti ya Mjomba ikipanda, ya mtu aliyesalitiwa: "Biskuti! Alikuwa na biskuti, na mimi nilikuwa humu!" Nadhani yeye ndiye aliyeumia kuliko wote.

Bibi akarudi wa kwanza. Akasema kikulacho ki nguoni mwako, na cha kwetu kimevaa miwani.


Jumatano, 15 Mei

Mashine iko jikoni, kati ya friji na sinki. Kaka na fundi bomba waliihamisha. Bibi amenunuliwa kitambaa cha kuifunika, akatazama ile nuru ya buluu, akasema inapendeza, isifunikwe. Wifi ndiye mwangalizi. Hana haja ya mlango. Jana aliosha kichujio cha kwanza huku akiimba, Chiriku akishika taulo, Mama akikoroga mboga. Hakuna uzito wowote katika kazi yake. Hakupitisha mkono kwenye paji la uso hata mara moja. Watu wanampongeza! Sijui kwa lipi.

Mchana alinifuata chumbani. Nilikuwa nimelala nikitazama ukuta. Akakaa pembeni ya kitanda. "Wifi yangu," akasema, "mimi nashona asubuhi tu. Mchana macho yanachoka. Kuanzia adhuhuri stoo ni yako, hata mlango ufunge. Soketi utaikuta tupu, maana cherehani yangu ni ya mkono." Akauweka ufunguo juu ya shuka.

Niliutazama ule ufunguo. Nikavua miwani, nikaifuta kwa pindo la shuka. Nafikiri ni vumbi.

Kisha nikaelewa. Mtego! Nikikubali, nitakuwa nimesamehewa. Na mtu akisamehewa, inabidi awe alikosa. Nikamrudishia. Nikamwambia ahsante, nina mipango yangu. Akasema haya, wifi, utakapobadili nia utaukuta msumarini. Akatoka na zile kandambili zake.

Sura ya pili leo imeandikiwa chooni. Bibi aligonga kabla sijafika kwenye kitenzi.


Jumamosi, 18 Mei

Miujiza ipo. Wote wameondoka! Wamekwenda kumwona Shangazi, upande wa pili wa mji, na watarudi alasiri. Mimi nimeachwa nilinde nyumba. Mama alitoa maagizo mlangoni: kesho tuna wageni wa Baba kutoka kazini kwake, nyama yote na samaki wote viko kwenye friji, nisile. Baba akaongeza: na mashine ya maji isiguswe. Aliirudia hiyo. Wifi akanitazama tu, akaashiria msumari wenye ufunguo wa stoo. Nikajifanya namfunga Chiriku kiatu.

Stoo siingii. Nina msimamo. Nimeweka kompyuta kwenye meza ya jikoni, penye nafasi. Kimya kitamu kama asali. Keshokutwa ni tarehe ishirini. Leo namaliza.

Lakini joto! Na kompyuta imezima, haina chaji. Nimeleta feni ndogo ya Mama na ile adapta ya zamani ya kuunganishia plagi mbili mahali pamoja. Jikoni kuna soketi mbili. Moja ina mashine ya maji. Juu yake Kaka amebandika karatasi: USIGUSE.

Sikugusa. Hapa ndipo naona nilivyokua katika wiki hizi mbili. Msichana wa tarehe saba angeichomoa plagi ile bila kufikiri. Mimi nimejifunza. Mashine ya maji ni uhai wa familia, haichezewi, kwa sababu yoyote ile, hata ya kielimu.

Nimechomoa friji. Ni kwa muda mfupi tu. Baridi ikishaingia ndani ya kitu, mlango ukifungwa, inakwenda wapi?

*

Feni ilikuwa na upepo mzuri mno. Nimeamka sasa hivi, shavu juu ya kompyuta. Jua limehamia dirisha la pili. Kwenye kioo kuna maandishi: "Uwajibikaji ni kitu kkkkkkkkkk". Mwanzo mzuri. Nitafuta hizo herufi za mwisho.

Ila kuna jambo. Soksi zangu zimelowa. Nimetazama chini: maji! Dimbwi zima, limeenea sakafuni, na lina rangi ya waridi kidogo, na harufu ambayo sijawahi kuisikia kwenye maji. Yanatoka upande ule ule wa friji na sinki. Na katikati ya friji na sinki kuna nini? Kuna mashine!

Nilijua! Siku sita tu mikononi mwa Wifi, na tayari inavuja. Ndiyo matokeo ya kuimba kazini. Rangi hiyo bila shaka ni kutu ya vichujio. Kichwa changu ni chepesi, moyo wangu ni mchangamfu. Ukweli haupotei, hulala tu.

Naona kupitia dirisha wanaingia getini. Mjomba yuko mbele, anasema ana njaa. Naifunga kompyuta. Nitampokea Baba mlangoni, uso mzito, nimshike mkono taratibu nimweleze kwamba sitaki kulaumu mtu, lakini mashine hii imeonyesha wazi kwamba inataka msimamizi wa kudumu, mtu aliyesoma.

Na mlango.